Nani Ailishe Risiva?

Hoja iliyo mezani inasema hivi: gari la rimoti lenye mota isiyo na brashi lilishwe umeme wote na betri moja, kupitia kidhibiti mwendo chake, bila nyongeza yoyote. Anayeitetea ni Fundi, mtu wa makamo ambaye mezani kwake hakukosi chuma cha kulehemu kinachofuka moshi. Anayeipinga ni Mwanachuo, binti wa uhandisi anayejenga gari linalojiendesha lenyewe. Wa tatu ni Dereva, ambaye hana itikadi. Anataka kumaliza mbio gari likiwa bado linamtii. Kiti cha mwenyekiti nimekikalia mimi, na sitajifanya sina upande.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kulifungua gari la namna hii, ndani yake kuko hivi. Betri ya lipo inaingia kwenye kidhibiti mwendo kwa waya mbili nene. Upande wa pili wa kidhibiti zinatoka waya tatu kwenda kwenye mota, na transista zilizomo zinawasha na kukata umeme katika waya hizo maelfu ya mara kwa sekunde ili mota izunguke. Kisha kuna waya nyingine tatu, nyembamba kama nyuzi, zilizofungwa kwenye plagi moja: nyeusi, nyekundu na nyeupe. Hizo zinakwenda kwenye risiva, kipokezi cha amri za rimoti. Nyeupe inabeba amri kutoka risiva hadi kidhibiti. Nyekundu na nyeusi zinafanya kinyume: zinatoa umeme kwenye kidhibiti na kuilisha risiva, na kupitia risiva zinailisha servo inayogeuza usukani.

Seli ya lipo ikijaa ina volti 4.2, na ukiishusha chini ya 3 unaiharibu. Seli mbili zilizojaa ni volti 8.4, tatu ni 12.6, nne ni 16.8. Risiva na servo nyingi za kawaida zinataka 5 hadi 6. Kwa hiyo ndani ya kidhibiti kuna sakiti ndogo ya kuteremsha volti, ambayo kwenye lebo huandikwa BEC. Huyo ndiye mshitakiwa wetu.

FUNDI: Ndugu mwenyekiti, nianzie mbali kidogo. Zamani gari la umeme lilikuwa linabeba betri mbili, kubwa ya mota na pakiti ndogo ya risiva. Pakiti ile ilikuwa kero: ina uzito, inataka chaji yake, na ukiisahau siku ya mbio umekwisha. Ndipo BEC ikabuniwa ili kuiondoa. Magari ya nitro, yale ya mafuta, yanaibeba hadi leo kwa sababu hayana betri kubwa ya kunyonya. Sisi wa umeme tulishautua mzigo huo, na sasa vijana wanataka kututwisha tena! Kila plagi unayoongeza ni mahali pengine pa kulegea, na gari hili linaruka, linaanguka, linabingirika. Magari yanayoletwa kwangu mengi yamekufa kwa lehemu mbovu na plagi zilizochoka. BEC iliyoungua ni ya kuhesabu kwa vidole.

MWANACHUO: Fundi, kwa heshima zote, ya plagi nayakubali. Lakini BEC zipo za aina mbili na wewe unazisemea kama moja. Kuna ile ya zamani, ambayo volti za ziada inazigeuza kuwa joto tu, basi. Tupige hesabu. Risiva na servo zikivuta ampea 2 kwa volti 5, kwenye betri ya seli mbili iliyojaa ziada ni volti 3.4, mara 2, wati 6.8 za joto. Weka seli tatu, wati 15.2. Weka seli nne, wati 23.6. Hicho chuma chako cha kulehemu kina wati ngapi?

FUNDI: Ishirini na tano.

MWANACHUO: Basi umefungia chuma cha kulehemu ndani ya kisanduku cha plastiki, ubavuni mwa transista ambazo tayari zina joto lake. Ikizidiwa, inajizima ili kujinusuru. Na ikijizima, risiva nayo inazimika, gari likiwa katikati ya uwanja.

FUNDI: Ndiyo maana vidhibiti vya siku hizi vya seli tatu na kuendelea vina aina ya pili, ile inayokatakata umeme na kuulainisha kwa koili. Hiyo ikitoa wati 10, inapoteza wati moja na ushee. Na ile ya zamani imeandikwa wazi kwenye karatasi yake: mwisho seli mbili, ukizidisha uizime BEC utafute nyingine. Someni lebo kwanza, ndipo mnilaumu.

Raundi hii nampa Fundi. Ugomvi mwingi kuhusu BEC ungekwisha kama watu wangesoma lebo: ni ya aina gani, inatoa volti ngapi, na inamudu ampea ngapi. Hapo kwenye ampea kuna mtego. Muuzaji huandika kwa herufi kubwa ampea ambazo BEC inazimudu kwa sekunde chache tu, na zile inazoweza kuzibeba muda wote huziandika kwa herufi za kutafutia miwani. Hesabu za gari zifanywe kwa hizo za miwani.

DEREVA: Mimi naona mnazungumzia magari ya wengine. Langu ni la seli mbili. BEC ni ya kisasa, volti 6, wala haipati joto. Mizunguko ya mwanzo gari linakwenda kama limetumwa. Mbio zikikaribia kwisha, nikitoka kwenye kona na kukanyaga mafuta, usukani unakufa kwa nusu ya pumzi, halafu unarudi. Wameniambia nibadilishe rimoti. Nimebadilisha. Bado.

MWANACHUO: Rimoti haina kosa, kaka. Betri yako, plagi na waya zina ukinzani. Chukua miliomu 20 kwa jumla, ambayo si mbaya. Mota ya namna hii inapoondoka kwa nguvu inaweza kuvuta ampea 100 kwa muda mfupi, na ampea 100 kwenye miliomu 20 zinakula volti 2. Mwisho wa mbio betri yako inasimama kwenye 7.4, kwa hiyo inabaki 5.4. BEC yako inajua kuteremsha tu. Haiwezi kutoa 6 kwenye 5.4. Betri ikizeeka ukinzani unapanda. Ukifika miliomu 40, unapoteza volti 4, na inabaki 3.4. Ndani ya risiva mna kompyuta ndogo. Ikikosa umeme hata kwa kufumba na kufumbua, lazima iwake upya na kuitafuta tena rimoti. Hiyo ndiyo nusu pumzi yako.

Naomba msomaji atulie hapa kidogo, maana wengi wanateleza hapahapa. Mwenye seli nne anahangaika kwa sababu volti zimezidi, na ziada inakuwa joto. Mwenye seli mbili anahangaika kwa sababu volti zinakaribia kupunguka kabisa, na hana akiba ya kuteremsha. Dalili wanayoiona ni moja, usukani kufa ghafla, lakini dawa ya mmoja haimfai mwenzake. Ndiyo maana ushauri wa mtu aliyeponya gari lake unaweza usikusaidie hata chembe.

FUNDI: Sasa binti amenisaidia bila kukusudia. Ugonjwa wa Dereva ni betri. Akinunua regyuleta ya pembeni, yaani BEC iliyo nje ya kidhibiti, akaiunga kwenye betri hiyohiyo, itapokea volti 3.4 zilezile. Itafanya muujiza gani? Abadilishe betri, akate ile plagi iliyopauka aweke mpya, alehemu vizuri, afupishe waya. Hakuna nyongeza hapo.

MWANACHUO: Kweli. Isipokuwa kama regyuleta hiyo inaweza kuteremsha na kupandisha pia. Au aweke betri ndogo ya pili.

DEREVA: Na ile kapasita inayochomekwa kwenye tundu tupu la risiva? Nimeambiwa inamaliza matatizo yote.

MWANACHUO: Zinazouzwa nyingi ni za maikrofaradi elfu kadhaa, tuseme 4700. Upungufu ukiwa ampea 3, na ukikubali volti ishuke kwa volti moja tu, kapasita hiyo inakushikilia kwa milisekunde 1.6. Nusu pumzi yako, tuseme nusu sekunde, ni milisekunde 500.

FUNDI: Usiidharau. Servo inapoanza kugeuka hunyonya umeme kwa mkupuo mfupi sana, na hapo kapasita inafaa. Mimi naziweka. Ila mwenye servo iliyokwama kwenye jiwe asiitegemee. Na aangalie chanya na hasi, maana kapasita za aina hiyo zikigeuzwa zinapasuka.

Limetajwa jiwe, na Dereva akachangamka, kwa sababu gari lake la pili ni la kupanda mawe. Huko mota haina papara. Anayeteseka ni servo. Gurudumu la mbele likibanwa kati ya mawe mawili na dereva akaendelea kulazimisha usukani, servo yenye nguvu inaweza kuvuta ampea 5 au zaidi bila kusogea hata kidogo. BEC ya ampea 2 au 3 haina ubavu huo. Hapa hata Fundi alikiri kwamba hoja yake ina tundu, na akaeleza mwenyewe regyuleta ya pembeni inavyofungwa.

FUNDI: Regyuleta yako ipokee umeme pale betri inapoingilia, na itoe kwenye tundu la betri la risiva. Lakini kabla hujaichomeka, shika plagi nyembamba ya kidhibiti. Utaona vijilimi vitatu vya plastiki, kila kimoja kimekamata pini yake. Chukua ncha ya sindano, nyanyua kijilimi cha waya nyekundu kidogo tu, usikivunje, uivute waya taratibu hadi pini itoke nzima. Ikunje nyuma, ivishe mpira wa kubana kwa joto, uifunge na wenzake. Nyeusi na nyeupe ziache zilivyo. Ukiiacha nyekundu, umeziunganisha regyuleta mbili kichwa kwa kichwa. Hakuna mbili zinazotoa volti sawasawa: yenye volti kubwa itabeba mzigo wote peke yake na kumsukumia mwenzake umeme kwa nyuma. Nyingine huvumilia, nyingine hufa. Na usijaribu kujua yako ni ya kundi gani.

DEREVA: Mbona usiiondoe na nyeusi kabisa?

FUNDI: Ukiiondoa, amri ya waya nyeupe itapimwa kutoka wapi? Risiva inasema "volti 3", kidhibiti kinauliza "kutoka chini ipi?" Hasi lazima iwe moja kwa gari zima. Hata ukiwa na betri mbili, hasi zinaungana. Chanya hazikutani kamwe.

MWANACHUO: Na hapo ndipo regyuleta ya pembeni ina hatari ambayo hamwitaji. Waya nene ya hasi ya kidhibiti ikilegea, umeme wa mota hautakubali kukaa kimya. Utatafuta njia nyingine ya kurudi kwenye betri, na njia iliyopo ni ile waya nyeusi nyembamba, kupitia risiva, kupitia regyuleta. Waya ya ampea chache inabebeshwa makumi ya ampea. Inayeyuka, na risiva inakwenda nayo.

FUNDI: Ndicho nilichosema tangu mwanzo. Lehemu.

Suala la servo za volti kubwa halitatuweka sana. Kuna servo zilizotengenezwa kula volti 7.4 hadi 8.4, na BEC nyingi za leo zinaweza kupangwa kutoa 7.4. Servo inakuwa na kasi na nguvu zaidi. Ukiipandishia servo ya volti 6 unaiunguza, na chochote kingine kilichochomekwa kwenye risiva, iwe feni au taa, kitapata volti hizohizo.

Turudi kwa Mwanachuo, kwa sababu gari lake si la mchezo wa kawaida. Mwaka 2016, katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania huko Marekani, ulianza mradi wa F1TENTH: magari ya rimoti ya kipimo cha moja kwa kumi, aliyekuwa anashika rimoti anaondolewa, na kazi yake inapewa kompyuta. Chasi iliyozoeleka ni Traxxas Slash. Kidhibiti ni VESC, kilichobuniwa na mhandisi Benjamin Vedder wa Uswidi akauachia umma michoro yake. Juu ya chasi hupakiwa kompyuta ndogo ya Jetson na kipima umbali cha leza. Tangu hapo vyuo vingi vimeunda magari ya mfano huo, na swali la nani anamlisha nani limekuwa zito kuliko lilivyokuwa uwanjani.

MWANACHUO: Kompyuta ina deko kuliko risiva. Raspberry Pi 4 inataka volti 5 na chanzo cha ampea 3, na volti ikishuka chini ya 4.63 inaanza kulalamika yenyewe. Ukiilisha kwenye tundu la risiva pamoja na servo, kila usukani unapogeuka kwa nguvu kompyuta inatikisika. Ikizimika wakati inaandika kwenye kadi ya kumbukumbu, unaweza kupoteza mfumo mzima. Leza ninayoitaka ni ya volti 12, na betri ya seli tatu inaanza 12.6 na kumaliza kwenye 10 hivi. Kwa hiyo regyuleta ya leza lazima iwe ile ya kuteremsha na kupandisha. Sasa niambie, Fundi, hayo yote nayachomeka kwenye waya yako nyekundu?

FUNDI: Hapana, mwanangu. Lakini nikuulize na mimi. Umechukua umeme wa kompyuta moja kwa moja kwenye betri?

MWANACHUO: Ndiyo.

FUNDI: Kidhibiti kinalinda betri kwa kukata mota kila seli ikikaribia volti 3.2 hivi, kulingana na ulivyokipanga. Kinakata mota. Kompyuta yako hakiioni. Gari limesimama, wewe unafurahia matokeo kwenye skrini, kompyuta inaendelea kunywa. Na swichi ya kidhibiti haiizimi hiyo regyuleta yako. Ukisahau kuchomoa betri ukaenda kulala, asubuhi unakuta seli ziko chini ya volti 2. Utaiweka kwenye chaja?

MWANACHUO: Hapana.

FUNDI: Wengi wanaiweka. Lipo iliyoshuka hivyo ukailazimisha chaji inaweza kuvimba, na ikaishia kwenye moto.

Huu ndio mshale uliopenya zaidi katika mjadala wote, na nimeupenda kwa sababu ulitoka kwa mtu aliyedhaniwa ni mshamba wa mambo mapya. Nyongeza iliyokusudiwa kuleta usalama imeukwepa ulinzi uliokuwepo. Tiba yake si ghali: king'ora kidogo kinachochomekwa kwenye plagi ya kusawazishia seli, kikapiga kelele seli yoyote ikishuka, pamoja na swichi kuu inayokata kila kitu. Wapo wanaodhani wamepata njia ya mkato kwa kuchukua volti 7.4 kutoka seli mbili za kwanza za betri ya seli tatu kupitia plagi hiyohiyo ya kusawazishia. Hao wanazinyonya seli mbili na kuiacha ya tatu imeshiba, kisha wanashangaa betri imekufa mapema.

MWANACHUO: Nimekubali. Ndiyo maana mimi mwisho wa yote nachagua betri mbili. Ya kompyuta peke yake, ndogo, yenye ulinzi wake. Mota ikiivuta betri kubwa hadi chini, kompyuta haijui.

FUNDI: Na betri hiyo ndogo ikiisha kwanza?

MWANACHUO: VESC inapangwa: isiposikia amri kwa muda mfupi, inaachia mota.

Hukumu ya kiti ni kwamba hoja ilivyoandikwa haiwezi kusimama wala kuangushwa nzima. Gari lenye risiva na servo moja ya kawaida, BEC ikiwa imetoshana na betri, Fundi ameshinda na ziada ni kujitafutia balaa. Servo kubwa inapoingia, regyuleta ya pembeni ni haki yake. Kompyuta inapopanda, isile sahani moja na servo, na kama ni ya kuaminiwa kuendesha, ipewe betri yake. Fyuzi iwekwe kwenye njia ya kompyuta, karibu na betri, kwa sababu lipo ikipata shoti haina huruma na waya nyembamba. Mwanachuo alitaka fyuzi hata kwenye njia ya risiva. Fundi alikataa katakata, akisema fyuzi hiyo ikikatika gari halina usukani. Mimi niko na Fundi.

DEREVA: Mimi nilidhani ule mpangilio wa dharura wa risiva unamaliza haya yote. Mawasiliano yakikatika, gari linafunga breki.

MWANACHUO: Mpangilio huo unaishi ndani ya risiva, kaka. Rimoti ikipotea, risiva iliyo hai inaamuru breki. Risiva yenyewe ikikosa umeme, hakuna wa kuamuru.

FUNDI: Kidhibiti kisipopata amri kitakata mota, lakini hakifungi breki. Gari lililokuwa kwenye kilomita 60 kwa saa linaendelea kuserereka, na magurudumu ya mbele hayana wa kuyaongoza.

DEREVA: Sasa nitajuaje kama langu liko salama kabla ya kulipeleka uwanjani?

FUNDI: Lipandishe juu ya kopo, magurudumu yote yawe hewani. Bonyeza mafuta kidogo tu, halafu zima rimoti. Mota isiposimama, usilitoe nje. Ukimaliza hapo, chomoa waya za mota, mwambie mwenzako ayashike magurudumu ya mbele kwa nguvu, wewe pindisha usukani hadi mwisho, kulia na kushoto, mita ikiwa kwenye tundu tupu la risiva. Ikionyesha volti zinaanguka, BEC haitoshi.

MWANACHUO: Mita yako ni ya polepole, Fundi. Volti zinaweza kuanguka na kurudi kabla namba haijabadilika. Hapo inatakiwa osiloskopu, na mota iwe inavuta, siyo imechomolewa.

FUNDI: Chuoni kwenu ipo?

MWANACHUO: Ipo.

FUNDI: Jumamosi iazime. Dereva alete gari na ile betri yake kuukuu, mimi nitakuja na chuma.